Mama amepoteza maneno, kicheko kimebaki: je, lugha ilianzia kwenye sauti za hisia?

Bintiwake

Habari za saa hizi wadau. Nina swali, ila itabidi nianze mbali kidogo.

Mama yangu alipata kiharusi miezi saba iliyopita. Upande wa kulia wa mwili ulilegea wote. Mguu umerudi, mkono unarudi polepole, maneno hayajarudi. Kuelewa anaelewa: ukimwambia "nipe huo mto ulio mgongoni mwako" anajipinda, anautoa. Lakini akitaka kusema yeye, linamtoka neno moja tu: "hii". Maji ni hii, mto ni hii, mimi mwanawe wa kwanza ni hii. Unamwona kabisa kwamba jina analijua. Anakunja paji la uso, midomo inajipanga, halafu linakuja lile lile.

Wiki mbili zilizopita paka wetu aliruka kutoka juu ya kabati, akakosea, akatua ndani ya beseni la maji. Mama akacheka. Kicheko chake kile kile cha zamani, kinachoanzia chini kifuani, kinapanda kwa vishindo, kisha pumzi inamwishia na anabaki anatikisika kimya huku kajishika ubavu. Nilikuwa chumba cha pili. Nilikuja mbio, na kwa sekunde chache nilisahau kabisa kwamba anaumwa.

Siku tatu baadaye akagonga kidole cha mguu kwenye ukingo wa kitanda, likamtoka tusi. Zima, kila silabi mahali pake. Mama huyu sijawahi kumsikia akitukana maisha yangu yote. Nilimshika mabega nikamwambia, "Mama, sema tena!" Akafungua mdomo. Ikatoka "hii". Tukalia wote wawili, na kilio chake nacho kilikuwa kizima.

Sasa nauliza: kicheko, kilio na tusi vinakaa wapi, mbona kiharusi hakikuvigusa? Hapo mahali tunachangia na wanyama? Nimekutana na watu wanaosema lugha ya binadamu imezaliwa na milio ya hisia, na wengine wanaokataa katakata. Mimi nakaa naye kutwa, na nimeanza kuzisikiliza "hii" zake kama mtu anavyosikiliza mlio wa mnyama: nafuata inavyopanda, inavyoshuka, inavyokwaruza. Na nahisi naelewa. Sijui kama naelewa kweli au ni mapenzi tu yananidanganya.

Sikio_la_Nyikani

Dada Bintiwake, pole sana kwa kuuguza, na mama mfikishie pole zetu.

Hujidanganyi. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo kazi yangu, nina miaka kumi na moja narekodi milio ya wanyama na kukaa na hedifoni masikioni hadi masikio yanauma.

Mwaka 2017 Piera Filippi na wenzake walichapisha jaribio ambalo hadi leo nikilikumbuka nafurahi. Walichukua milio ya aina tisa za viumbe: chura wa mtini, mamba wa Marekani, kunguru, ndege mdogo wa msituni, nguruwe, panda, tembo wa Afrika, kima wa Barbary, na binadamu wanaosema Kitamili. Kwa kila kiumbe, mlio mmoja wa aliyetulia na mwingine wa aliyetaharuki. Wakawasikilizisha watu 75 wanaosema Kiingereza, Kijerumani au Kichina, wakawauliza: katika hii miwili, upi ni wa aliyetaharuki? Watu waliwapatia viumbe wote tisa kwa kiwango kinachozidi kubahatisha. Chura! Mababu zetu na wa chura waliachana zamani mno, miaka zaidi ya milioni 300, na bado sikio la mtu linamsoma.

Sababu yake iko mwilini, haina uchawi. Kiumbe akishtuka misuli inakaza mwili mzima, na ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, haisalimiki. Nyuzi za sauti zikivutwa zinatetema haraka, kama uzi wa gitaa unavyokazwa, mlio unapanda. Kifua nacho kinasukuma pumzi kwa nguvu zaidi. Hofu ikizidi, pumzi inazishinda nyuzi, zinaacha kutetema kwa mpangilio, na sauti inapasuka. Mwaka 2015 Luc Arnal na wenzake walipima mayowe ya watu wakakuta ukali wa sauti unapanda na kushuka mara 30 hadi 150 kwa sekunde. Maneno ya kawaida hayaendi hivyo, silabi zetu ni kama nne au tano kwa sekunde. Mkwaruzo huo ndio unaokushika moyo hata kama yowe limetoka nyumba ya tatu.

Nikuoneshe jinsi ninavyoliona mimi. Nikiweka sauti ya nguruwe kwenye skrini, mguno wa nguruwe aliyekutana na ndugu zake ni kidoa kifupi pale chini, kama alama ya kidole gumba. Kilio cha aliyebanwa ni utepe mrefu unaopanda juu, na kingo zake zimechanikachanika. Ukishaona mara mbili tatu huhitaji kuambiwa ni upi. Elodie Briefer na kundi lake mwaka 2022 walifanya hivyo kwa milio 7,414 ya nguruwe 411, kuanzia kunyonya hadi kuchinjwa, na programu ya kompyuta ikatenganisha milio ya hali njema na ya hali mbaya kwa usahihi wa asilimia 92.

Na usidhani ni binadamu tu wenye sikio hilo. Susan Lingle na Tobias Riede waliwachezea kulungu wa Amerika Kaskazini rekodi za vilio vya watoto wa wanyama wengine, na za watoto wachanga wa binadamu zikiwamo. Kulungu jike walikuja mbio kuifuata spika, mradi mlio uwe katika kimo cha sauti kinachokaribia cha watoto wao. Kulungu mama anamkimbilia mtoto wa mtu asiyemwona.

Ila nikutahadharishe jambo moja. Tunachokisikia vizuri ni hisia imepanda kiasi gani. Sababu yake sauti haiisemi. Kwa hiyo ukisikia "hii" ya mama ukajua amekereka, jiamini. Ukisikia ukajua amekereka *kwa sababu ya dirisha*, hapo umesaidiwa na macho yako na miaka uliyoishi naye.

Mwl_Mstaafu

Binti yangu, Mungu amjalie mama nafuu.

Nimemsoma Sikio na simpingi katika milio. Napinga tu hatua inayofuata, ile ya kusema basi lugha ndiyo hiyo hiyo iliyokua ikanenepa. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili, na nataka mtazame alivyoandika Bintiwake mwenyewe bila kukusudia. Neno moja *linamtoka*. Tusi *likamtoka*. Ndivyo tusemavyo: kicheko humtoka mtu, yowe humtoka, machozi humtoka. Sauti ndiyo inayotenda, mtu anatendwa. Lakini ushauri mtu *huutoa*. Ahadi huitoa, amri huitoa, ushahidi huutoa. Hapo mwenye enzi ni mtu. Mimi naona swali zima la asili ya lugha limo kati ya vitenzi hivyo viwili: ilikuwaje kitu kilichokuwa kikitutoka tukaanza kukitoa?

Kwa wanyama walio karibu nasi kabisa, pengo hilo ni kubwa. Jane Goodall, aliyeanza kukaa na sokwe wa Gombe mwaka 1960, alisimulia habari za sokwe kijana aliyepata ndizi akiwa peke yake. Alijua akipiga kelele za furaha wakubwa watakuja kumnyang'anya. Akaziba mdomo kwa mkono. Kelele zikapita hivyo hivyo kati ya vidole. Hebu mwoneni huyo kiumbe: ana akili ya kutaka kunyamaza, mkono unamtii, zoloto halimtii.

Mtaniambia kuhusu tumbili wa Amboseli. Ndiyo, nawajua. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha habari zao mwaka 1980. Walificha spika wakacheza rekodi za milio ya hadhari wakati hakuna adui yeyote karibu. Kwa mlio wa chui tumbili wakakimbilia mitini. Kwa mlio wa tai wakatazama juu na kuingia vichakani. Kwa mlio wa nyoka wakasimama kwa miguu ya nyuma wakichungulia nyasi. Ni jambo kubwa, sauti tatu kwa hatari tatu. Lakini tumbili hasimulii chui wa jana. Hasemi "chui hayupo". Hachukui mlio wa chui na wa nyoka akaunda wa tatu. Mtoto wa miaka mitatu anayafanya yote hayo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Sikio_la_Nyikani

Mwalimu, shikamoo. Hicho cha *kutoka* na *kutoa* nimekiandika kwenye daftari langu la kazi.

Nakubali pengo lipo, ila halina ukuta mnene kama unavyolichora. Mwaka 2012 Catherine Crockford na wenzake waliweka sanamu ya nyoka aina ya kipiri kwenye njia za sokwe wa msitu wa Budongo, Uganda. Sokwe aliyemwona nyoka alipiga mlio wa hadhari zaidi pale wenzake walipokuwa hawajamwona wala hawajasikia habari zake. Hofu ingekuwa peke yake ndiyo inayosukuma mlio, angepiga sawasawa kwa wote. Pale kuna kitu kinachofungua na kufunga bomba.

Tena Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi, mwaka 1871 hakusema kwamba yowe liligeuka neno moja kwa moja. Aliwaza hatua ya katikati: mababu walioimba. Sauti yenye mapigo na mpandoshuko, ya kutafutia mwenza na ya kushindania, haina maana ya kamusi, lakini mwimbaji anaimiliki. Aliwatolea mfano giboni, nyani wa Asia wanaoimba. Mimi niko upande wake hapo, maana kuimba ni kutoa kilichozoea kukutoka.

Tabibu_wa_Matamshi

Dada Bintiwake, nachangia upande wa mama, kwa kuwa kazi yangu ni hao hao waliopoteza maneno baada ya kiharusi. Hali yake inaitwa afasia, na hicho ulichokiona cha kicheko na tusi nakiona mara kwa mara.

Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, aliyekuwa amekaa hospitali ya Bicêtre miaka 21. Alikuwa anaelewa anachoambiwa. Kila alichoulizwa alijibu "tan", mara nyingi "tan tan", akijisaidia kwa mikono. Hata akaitwa Tan. Lakini asipoeleweka akakasirika, lilimtoka apizo zima la Kifaransa lenye jina la Mungu ndani yake. Alipokufa siku chache baadaye Broca alitazama ubongo wake akakuta jeraha upande wa kushoto, mbele. Hali ya mama yako na ya Leborgne zinafanana sana.

Kwa nini? Zoloto lina njia mbili zinazoliamrisha. Ya zamani inapitia ndani kabisa, katika ubongo wa kati, na hiyo tunayo sisi, nyani, paka na wengineo. Watafiti wakiichochea kwa umeme mdogo kwenye nyani, anapiga milio yake ya kawaida kabisa. Ikiharibika, anakuwa bubu. Njia ya pili inaanza juu, kwenye gamba la ubongo, na kwa binadamu inashuka moja kwa moja hadi kwenye seli za shina la ubongo zinazokaza na kulegeza nyuzi za sauti. Kwa nyani wa kawaida mteremko huo wa moja kwa moja haupo. Ukimharibia nyani lile eneo la juu, anaendelea kulia na kuita kama jana. Ukimharibia mtu, maneno yanakwenda, kicheko kinabaki.

Na si umbo la koo linalowazuia nyani, kama tulivyofundishwa zamani. Tecumseh Fitch na wenzake walipiga eksirei za kima akitafuna, akipiga miayo na kuita, wakaonesha mwaka 2016 kwamba koo hilo lingeweza kabisa kutoa irabu tofauti zinazoeleweka. Ala ipo. Nyaya za kuipiga ndizo hazipo.

Tusi nalo ni neno, alijifunza kama maneno mengine, lakini limezoea kusafiri na maumivu, kwa hiyo inadhaniwa linapata lifti ya njia nyingine ambayo kiharusi hakikuigusa. Ndiyo maana, dada yangu, usimwombe tena alirudie. Ulipomshika mabega ukasema "sema tena" uliihamisha kazi kutoka njia nzima ukaipeleka kwenye iliyobomoka. Alichotokwa nacho huwezi kumwambia akitoe, kama Mwalimu alivyosema. Inawavunja moyo sana, nimewaona wanavyoinamisha kichwa.

Lipo jambo unaloweza kujaribu. Tangu mwaka 1973 upo utaratibu wa tiba unaotumia kuimba, ulioanzishwa na Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm. Mgonjwa anaimba kifungu kifupi pole pole, huku mkono wa kushoto unagonga silabi kwa silabi. Wengine inawafungulia, wengine haiwafungulii, na inataka mtaalamu wa kuiongoza. Ila wimbo aliouimba maelfu ya mara unaweza kuuanza mwenyewe nyumbani, mkaimba pamoja. Usimsahihishe.

Mwl_Mstaafu

Tabibu amenifunza, na namkubalia Sikio kwamba nilichora ukuta mnene. Binti yangu, nakuongezea moja la Kiswahili chenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapoanza kuamini kwamba ya zamani haikufukuzwa na ya pili.

"Amekuja." "Amekuja?" Herufi zile zile, mpangilio ule ule. Kiswahili hakina haja ya kugeuza sentensi wala kuongeza neno ili kuuliza. Kiimbo kinatosha: kikishuka umetoa habari, kikipanda umeuliza. Kupanda na kushuka huko ndiko Sikio anakokupima kwa mamba na nguruwe. Eugene Morton alionesha mwaka 1977 kwamba ndege na mamalia wengi, wakiwa wakali, hutoa sauti nzito za chini, na wakiwa na woga au wakijishusha, hutoa za juu, nyembamba. Mwulizaji naye kajishusha. Anakiri kwamba jambo fulani liko kwako, haliko kwake.

Basi fanya hivi. Usihesabu maana ya "hii". Sikiliza mwisho wake.

Bintiwake

Nimerudi baada ya siku tisa. Asanteni nyote, Mwalimu shikamoo.

Nilirekodi "hii" 46 kwa simu, kwa siku tatu. Nikamtumia mama mdogo, ambaye hajamwona dada yake tangu kabla ya kiharusi, bila picha wala maelezo. Nilimwomba aniambie kwa kila moja: katulia au kataharuki? Na anataka nini? La kwanza alipatia karibu zote, nilikuwa nimeandika pembeni hali halisi ilivyokuwa. La pili alibahatisha tu. Alisema "anataka maji" mahali ambapo mama alikuwa anataka taa izimwe. Sawa kabisa na tahadhari ya Sikio.

Kisha nikazisikiliza upya miisho, kama Mwalimu alivyosema, usiku, hedifoni masikioni, mama kalala. Kumi na tisa zinapanda.

Nilikaa nikazirudia moja baada ya nyingine. Kuna ya asubuhi, mimi navaa viatu: "hii?" Kuna ya simu ilipoita nikazungumza nikakata: "hii?" Kuna ya daktari alipoondoka na mlango ukafungwa, hiyo inapanda na kutetemeka mwishoni. Miezi saba mama yangu ananiuliza maswali. Unaenda wapi, nani huyo, amesemaje. Na mimi nilikuwa nadhani anataja vitu, nampa maji, nampa mto, nampa shuka, na yeye anavisukuma pembeni nami nadhani amekuwa mkaidi.

Asubuhi iliyofuata nilivaa viatu makusudi nikasubiri. "Hii?" Nikamwambia, "Naenda dukani, mama, nusu saa nitakuwa nimerudi." Akaniangalia muda mrefu. Akaitikia "hii", ikashuka hadi chini kabisa, akageukia dirisha.

Kuhusu kuimba, mtaalamu wake amekubali na ataanza naye wiki ijayo. Sikuweza kusubiri. Jana jioni nilikaa upande wake wa kushoto, nikaushika mkono wake mzima, nikaanza ule wimbo aliokuwa akitubembelezea tukiwa wadogo, nikigonga kiganja chake kila silabi. Mstari wa kwanza niliimba peke yangu. Wa pili aliingia kwa sauti bila neno. Wa tatu yakatoka maneno mawili, yenyewe, ya wimbo. Lililofuata likawa "hii", na akaendelea kuimba nalo mpaka mwisho wa ubeti.